Mbegu zako zilikufa kwenye leso: kakao, visiwa, na kwa nini Mombasa ilipitwa

Msomaji mmoja wa Mtongwe ameniandikia. Mwezi wa nane alivuka Unguja kwa harusi ya binamu yake, na siku ya tatu wakatembezwa mashamba ya viungo. Huko akaonyeshwa mkakao, akapewa tunda lililopasuliwa, akamung'unya ule ute mweupe, na mbegu akazifunga kwenye leso akaja nazo. Nyumbani akazianika juani siku nne mpaka zikakauka kau, kisha akazipanda kwenye mikebe 12. Amemwagilia wiki sita, na hakuna hata moja iliyotoa kichwa. Anauliza: "Shikamoo mwalimu. Kosa ni udongo wetu? Na mbona kila ninaposoma habari za kakao natajiwa visiwa, nasi Mombasa ni kisiwa, lakini sijapata kusikia kakao ya Mombasa? Ilifikaje huko, na sisi ilitupitaje?"

Marahaba, mwanangu. Udongo wako haukuziua mbegu hizo. Zilikuwa zimekufa kabla hazijafika mkebeni, na nimefurahi umeanza na hilo, kwa sababu kifo cha mbegu zako kinaeleza nusu nzima ya historia unayoiuliza.

Sisi tumelelewa na mbegu zinazopenda kukauka. Mahindi, kunde, pojo, mtama: unaanika, unatia ghalani, mvua ikinyesha unapanda. Mbegu ya kakao haina subira hiyo. Ina maji mengi ndani yake, iko tayari kuota tangu ikiwa tundani, na ikikauka imekwisha. Ukiitoa na kuiacha wazi, siku chache zatosha kuimaliza. Ikibaki ndani ya tunda zima lisilopasuliwa yaweza kustahimili wiki mbili tatu. Kokwa ya embe ina tabia kama hiyo, ndiyo maana hujamwona mtu akiweka akiba ya kokwa za embe ghalani kungojea msimu ujao.

Na ikiwa uliitafuna moja baada ya kuianika, uliona uchungu mtupu wala hukusikia harufu ya chokoleti. Hilo nitalirudia.

Sasa fikiria chombo cha tanga, bila barafu na bila injini. Kwao mkakao ni misitu ya mto Amazon, upande wa juu. Nchini Ekuado wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta masalia ya kakao kwenye vyombo vya zaidi ya miaka 5,000. Kutoka huko mti ulikwenda na watu hadi Amerika ya Kati na Meksiko, ambako Wamaya na Waazteki walikunywa kakao, na mbegu zake wakazitumia sokoni kama sarafu. Wahispania walipoiteka nchi ya Waazteki mwaka 1521 wakakuta kinywaji hicho, wakakitia sukari, na baada ya muda Ulaya yote ikakitaka. Ulaya yenyewe haiwezi kuotesha mkakao, baridi yake inauua. Ikabidi kila taifa la mabaharia litafute mahali pa joto lenye bandari. Mbegu kavu ndani ya gunia haikuwafaa, kama isivyokufaa wewe. Walichoweza kusafirisha ni tunda bichi kwa safari fupi, au mche ndani ya chungu kwa safari ndefu, na mche huo uligawiwa maji yaleyale ya kunywa ya mabaharia, ukafichwa upepo na mnyunyizo wa chumvi.

Kwa hiyo kakao haikuvuka bahari kwa mkupuo. Ilivuka kwa kutua na kupumzika, na mahali pa kutua palikuwa visiwa. Ukitaka jibu langu kwa neno moja, ni kitalu. Kisiwa kilikuwa kitalu cha kakao. Mche ulitua, ukapata unyevu na kivuli, ukazaa, na matunda yake yakaendelea na safari hadi pwani nyingine. Kisiwa chenyewe kilitajirika kwa muda, pengine muda mrefu, kisha utajiri ukahamia kwenye ardhi kubwa zaidi.

Visiwa vya Karibi ndivyo vya kwanza. Waingereza walipoinyakua Jamaika mwaka 1655 walikuta mashamba ya kakao yaliyoachwa na Wahispania, wakaona wameokota dhahabu, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1670 miti ilikuwa imekauka karibu yote. Wafaransa nao walipanda Martinique, na mwaka 1727 wakapoteza mashamba yao. Mwaka huohuo Trinidad nayo ilipoteza miti yake.

Hapo Trinidad ndipo nataka tukae kidogo. Kakao ya zamani ya Wahispania waliiita criollo, na neno hilo maana yake ni mzalia, kama vile pwani yetu ilivyomwita mzalia mtu aliyezaliwa hapa na wazazi walioletwa. Ilikuwa laini, tamu, yenye harufu nzuri, ila dhaifu mbele ya maradhi. Miaka 30 hivi baada ya ule msiba wakaleta miche kutoka bara la jirani, Venezuela, ya aina ngumu zaidi waliyoiita forastero, yaani mgeni. Mzalia mmojammoja aliyesalia na huyu mgeni wakachavushana wenyewe mashambani, wakazaa chotara mwenye harufu ya mmoja na nguvu za mwingine. Akaitwa Trinitario, kwa jina la kisiwa. Leo chotara huyo yuko katika nchi nyingi za kakao, na alizaliwa kwa sababu kisiwa kimoja kilipoteza mali yake yote kikalazimika kuanza upya.

Trinidad imeendelea kuwa kitalu hadi leo. Ugonjwa uitwao ufagio wa mchawi, unaofanya matawi yachipue ovyo kama fagio, uliingia huko mwaka 1928. Mtaalamu wa kisiwa hicho, F. J. Pound, akasafiri hadi kwenye vijito vya juu vya Amazon katika miaka ya 1930 kutafuta mikakao ya mwituni inayoustahimili, akarudi na matunda na vipandikizi. Mkusanyiko uliotokana na kazi hiyo na ya wenzake bado upo, una aina zaidi ya 2,000 za mikakao hai, na watafiti wa dunia nzima huagiza kutoka hapo. Ni miti iliyosimama ardhini, kwa sababu mbegu za kakao, kama ulivyojionea, hazikubali kufungiwa kwenye kabati.

Mashariki ya mbali kakao ilifika kwa meli za Wahispania zilizokuwa zikisafiri kati ya Acapulco, bandari ya Meksiko, na Ufilipino. Mche unaotajwa ulivuka mwaka 1670. Huo ulikuwa mwendo wa miezi, si siku, na kila nikiufikiria namwona baharia mmoja asiye na jina akimwagilia chungu kila jioni.

Tuje Afrika, na hapa sitaharakisha.

Katika ghuba ya Guinea, karibu na mstari wa ikweta, kuna visiwa viwili viitwavyo São Tomé na Príncipe. Wareno walipofika huko karibu na mwaka 1470 havikuwa na wakazi. Mwaka 1822, mwaka uleule Brazili ilipojitangazia uhuru wake kutoka kwa Wareno, miche ya kakao ya Brazili ilipandwa Príncipe, kama pambo tu. Miaka michache baadaye ikafika São Tomé. Ili uone ukubwa wa mahali, chukua Pemba: nchi nzima ya São Tomé na Príncipe, visiwa vyote viwili pamoja, ina takribani kilomita za mraba 1,000, na Pemba haipishani nayo sana. Katikati ya Pemba hiyo inua mlima wa volkeno wa zaidi ya mita 2,000, unaozuia mawingu ya bahari na kuyakamua, uwe na udongo mweusi mnene na misitu ambayo shoka halijaigusa. Hapo ndipo kakao ilipopata makao.

Na katika hiyo Pemba ya kufikirika, mwanzoni mwa karne ya 20, toa kakao kuliko karibu kila nchi duniani. Mwaka 1913 visiwa hivyo vilisafirisha takribani tani 36,000. Kila shamba kubwa, roça kwa Kireno, lilikuwa kama mji: reli yake ndogo ya kushukia gatini, hospitali yake, kanisa lake, na ua mpana katikati ambako kengele ililia alfajiri watu wakapangwa mistari na kuhesabiwa.

Waliohesabiwa ni akina nani? Utumwa ulikuwa umefutwa huko kisheria tangu mwaka 1875. Lakini watu waliendelea kununuliwa bara la Angola, wakatembezwa mamia ya maili hadi pwani, wakaulizwa mbele ya karani kama wanakubali mkataba wa miaka mitano, na jibu lolote likaandikwa kuwa ndiyo. Wakapakiwa melini. Miaka mitano ilipokwisha mkataba ulijirudia wenyewe. Katika makumi ya maelfu waliokwenda, waliorudi kwao walikuwa wachache sana.

Habari zilifika kwa watengeneza chokoleti wa Uingereza. William Cadbury alizisikia mwaka 1901. Mwaka 1905 kampuni yake na wenzake wakampeleka Joseph Burtt akachunguze, na wakati uleule mwandishi Henry Nevinson alikuwa amekwisha kwenda kwa gharama ya jarida la Marekani akaiandika njia ya watumwa kama alivyoiona. Kampuni hizo zilisusia kakao ya São Tomé mwaka 1909. Angalia miaka: 1901 hadi 1909, na katika miaka hiyo yote gunia liliendelea kununuliwa. Gazeti moja la London liliwaita wanafiki, Cadbury wakalishtaki, na baraza la mahakama likawapa ushindi na fidia ya robo ya peni. Kwangu mimi robo ya peni ile ni hukumu iliyosema yote.

Sisi wa pwani hii tusiisome habari hiyo kama ya watu wengine. Karafuu za Unguja na Pemba zilipandwa na kuchumwa kwa mikono ya watumwa hadi hukumu ya kuufuta utumwa ilipotoka Zanzibar mwaka 1897, na huku kwetu Mombasa mwaka 1907. Zao lilikuwa jingine, bahari nyingine, lakini hesabu ya bwana shamba ilikuwa moja: kisiwa hakina pa kukimbilia.

Kisiwa cha jirani, Fernando Po, ambacho leo ni Bioko ya Guinea ya Ikweta, kilipokea kakao mwaka 1854. Huko nako palitokea kashfa ya vibarua waliopelekwa kwa nguvu kutoka Liberia, mpaka Ushirika wa Mataifa ukaunda tume, na mwaka 1930 Rais Charles King wa Liberia akajiuzulu.

Lakini Fernando Po ina habari nyingine, na hii naipenda kuliko zote. Fundi mhunzi wa kabila la Waga kutoka Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, Tetteh Quarshie, alikwenda kisiwani humo mwaka 1870 kufanya kazi. Akarudi kwao mwaka 1876 na kakao mkononi, na mwaka 1879 akapanda shamba lake Mampong, katika vilima vya Akuapem. Wamisionari wa Basel, wa Uswisi, walikuwa wamejaribu kabla yake wakapata kidogo sana. Yeye miti yake ilizaa, akauza matunda kwa majirani, majirani wakapanda, majirani wa majirani wakapanda. Mwaka 1891 Gold Coast ilisafirisha ratili 80 za kakao, kama kilo 36, mzigo wa mtu mmoja. Mwaka 1911 ilisafirisha karibu tani 40,000 ikawa ya kwanza duniani.

Hakukuwa na kengele ya alfajiri wala ua wa kuhesabia. Walikuwa wakulima wadogo, wengi wao walichanga fedha wakanunua msitu kwa pamoja, wakagawana vipande na kupanda na jamaa zao, wakihama kuelekea magharibi kadiri msitu ulivyopatikana. Kwa miaka 20 walilipita kundi zima la mabwana wa kisiwa wenye reli na hospitali. Quarshie mwenyewe alifariki mwaka 1892, akiwa ameona mwanzo tu.

Kwa nini bara lilishinda? Sababu ya kwanza ni hiyo ya watu, sababu ya pili ni msitu. Mkakao mchanga unapenda msitu uliofyekwa nusu: udongo una mboji ya miaka mingi, magugu ni machache, miti mirefu iliyobaki inatoa kivuli. Kwa hali hiyo mkulima anavuna karibu bure. Baada ya miaka 30 au 40 mboji imeliwa, wadudu wamejua njia, miti imezeeka, na kupanda upya palepale kunataka mbolea na jasho mara mbili. Mkulima wa bara anasogea akatafute msitu mwingine. Mkulima wa kisiwani anasogea mpaka anafika baharini. São Tomé ilifika baharini karibu na miaka ya 1920: udongo umechoka, vijidudu vinavyofyonza majani vimeenea, na wanunuzi wamekwisha kuelekea Accra. Leo inavuna kama tani 3,000 kwa mwaka. Kakao nyingi ya dunia sasa inatoka Kodivaa na Ghana, na misitu ya huko imelipa kwa njia ileile niliyokueleza, ila kwa eneo kubwa zaidi.

Kuna kisiwa kimoja kilichobisha. Sulawesi, huko Indonesia, ni kisiwa kikubwa sana, na wenyeji wake Wabugis ni watu wa bahari na biashara kama mababu zetu. Katika miaka ya 1970 na 1980 vijana wao waliokuwa wakifanya vibarua mashambani huko Sabah, Malaysia, walirudi nyumbani na matunda ya kakao kwenye mizigo yao. Walipanda, wakapandisha jamaa zao, na Indonesia ikatoka kwenye tani 10,000 hivi mwaka 1980 hadi zaidi ya tani 400,000 mwaka 2000. Kisha nao wakaangukiwa. Kuna kipepeo mdogo wa huko ambaye tangu asili funza wake hula mashokishoki; alipoonja ganda la kakao akahamia. Mavuno ya Sulawesi hayajarudi yalipokuwa.

Jambo hili la wadudu lina pande mbili, na lazima ulione ili uelewe kwa nini visiwa viliwafaa wapandaji kwanza. Kakao iliposafiri ikiwa mche mmoja au matunda machache, iliacha nyuma maradhi yake ya Amazon. Bahari ilikuwa ua. Kwa miaka mingi kisiwa kilivuna bila kujua ufagio wa mchawi ni nini. Lakini ua huo ulidumu tu mpaka mtu alipobeba tawi bovu mfukoni, au mdudu mwenyeji alipopata ladha mpya.

Sasa swali lako la mwisho: sisi ilitupitaje?

Bahari yetu ya Hindi haikupitwa kabisa. Bukini, yaani Madagaska, hasa bonde la mto Sambirano upande wa kaskazini-magharibi, karibu na Nosy Be, kunatoka kakao inayotafutwa na mafundi wa chokoleti kwa harufu yake kama ya matunda. Ni pwani ambayo majahazi ya Waswahili yaliijua kwa karne nyingi. Unguja wewe mwenyewe umeuona mkakao. Lakini wakati visiwa vyetu vilipokuwa vikichaguliwa zao, mwanzoni mwa karne ya 19, mche uliofika ni mkarafuu, kutoka visiwa vya Wafaransa vya Bahari ya Hindi, na Sayyid Said akautia nguvu zake zote na ardhi yote nzuri. Karafuu ikikauka haiozi, inakaa ghalani, inasubiri msimu wa kusafiri na bei. Kwa mfanyabiashara wa majahazi hilo lilikuwa jambo kubwa. Hata kimbunga cha mwaka 1872 kilipoing'oa mikarafuu ya Unguja, watu walipanda mikarafuu tena, na Pemba ikachukua uongozi. Mkakao ukabaki mti wa kuonyesha wageni.

Kakao ya biashara Afrika Mashariki ikaenda kukaa mbali na bahari: Kyela, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, ambako wenyewe huiita kokoa, na Uganda, hasa Bundibugyo na Mukono. Nilipofika Kyela mara ya kwanza nilidhani nimeingia shamba la ndizi. Migomba iko juu, miembe juu ya migomba, na kakao imejificha chini, gizani, na chini ya miguu majani makavu kama godoro. Mvua ya huko inanyesha mpaka mtu anaisahau.

Na hiyo mvua ndiyo jibu la Mombasa. Kuwa kisiwa hakutoshi, mwanangu. Mkakao unataka milimita 1,500 hadi 2,000 za mvua kwa mwaka, na ukame usizidi miezi mitatu. Mombasa hupata takribani 1,000 hadi 1,100. Unguja na Pemba zinatuzidi kwa mbali, Pemba zaidi. Kisha inakuja kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, upepo mkavu wa moja kwa moja kutoka baharini, wakati huohuo mvua haipo. Jani la mkakao ni pana na laini, upepo wa namna hiyo unalipasua na kulikausha kwenye ncha. Visiwa vya kakao nilivyokutajia vingi ni milima ya volkeno inayosimama baharini, kila kimoja na mawingu yake. Kisiwa chetu ni matumbawe, tambarare, kimetenganishwa na bara na vijito viwili tu, na hali yake ya hewa ni ileile ya Likoni na Kisauni. Mkakao unataka kuzamisha mzizi mkuu mita moja na nusu. Sehemu nyingi za kisiwa chetu ukichimba nusu ya hapo unagonga mwamba.

Kwa hiyo usipande kakao kwa kutafuta fedha hapa. Nasema hivi kwa sababu tangu bei ilipopita dola 10,000 kwa tani mwaka 2024 nimeulizwa na watu watatu wanaotaka kukata minazi wapande kakao. Bei ile imekwisha kushuka. Mnazi uliokatwa haurudi kwa msimu mmoja.

Miti michache ya uani ni jambo jingine, na hiyo inawezekana kwa anayeipenda. Kwanza, miche. Usibebe tena mbegu wala matunda kwenye leso kuvuka mpaka. Nenda kwa KEPHIS, shirika la serikali ya Kenya la kukagua afya ya mimea, uombe kibali cha kuingiza mmea, na huko utakakoutoa upate cheti cha afya ya mimea. Baada ya habari za mashokishoki na fagio sidhani nahitaji kukueleza sababu. Ukipata tunda halali, lipasue siku utakayopanda, sugua ule ute kwa mchanga au majivu, na laza mbegu kwenye udongo wenye unyevu, kivulini, bila kuzama sana. Itaota ndani ya wiki mbili.

Panda chini ya mwembe au tangulia na migomba mwaka mzima kabla. Gliricidia, ule mti wa ua wa maua ya waridi unaolishwa mbuzi, Wahispania waliuita mama wa kakao kwa kazi hiyohiyo. Jenga kizuizi upande wa kaskazi. Miezi ya kiangazi mwagilia, ila onja kwanza maji ya kisima, kwani visima vingi vya Mtongwe na Likoni vina chumvi na mkakao hauivumilii. Panda mitatu au minne karibu, kwa sababu aina nyingi hazikubali chavua yake yenyewe.

Maua yatatoka kwenye shina, kama mbilimbi na fenesi, madogo kama ukucha wa kidole. Nyuki hayawezi. Kazi ya kuyachavusha ni ya usubi, vidudu vidogo vinavyozaliana kwenye majani yanayooza na vigogo vya migomba vilivyokatwa. Ukifagia uani hadi pang'ae hutapata tunda. Hata pakiwa pachafu kama vinavyopenda, katika maua 100 yatakayoshika hayatafika hata matano.

Mwaka wa tatu hadi wa tano utavuna. Kila tunda lina mbegu 30 hadi 40, na matunda 20 hadi 25 ndiyo yatakupa kilo moja kavu. Na hapo ndipo ule uchungu niliokuahidi kuurudia. Harufu ya chokoleti haimo kwenye mbegu mbichi. Kyela huzivundika, kama tunavyovundika ndizi: mbegu na ute wake hutiwa kwenye sanduku la mbao au kikapu, zikafunikwa majani ya mgomba, zikageuzwa kila baada ya siku mbili. Ute unachacha, joto linapanda hadi karibu nyuzi 50, mbegu inafia humohumo, na ndani yake yanaanza mabadiliko yanayozaa harufu ile. Baada ya siku tano hadi saba zinaanikwa kwenye vichanja polepole, kisha zikikaangwa nyumba nzima inajua. Wewe ulianika bila kuvundika, kwa hiyo ulipata mbegu isiyoota na isiyonukia.

Ile mikebe 12 usiimwage. Udongo wake bado una unyevu. Tia pilipili mbuzi, vuli iko karibu.